Taswira ya kioo: ni kufanana au ni kugeuzana?

Kiingereza kina msemo unaowasumbua wafasiri, wanasheria, wanafunzi wa kemia na hata Waingereza wenyewe: mirror image, yaani taswira ya kioo. Ukikutana nao kwenye sentensi unaonekana mwepesi. Kitu hiki ni mirror image ya kile, basi, vimefanana. Soma aya mbili mbele, unagundua mwandishi alikuwa anasema vitu hivyo ni kinyume kabisa. Binti amechukua sura ya mama yake kila kitu: mirror image. Timu moja inashambulia kupitia kushoto, nyingine kupitia kulia: mirror image. Serikali moja imepandisha kodi ya matajiri na kushusha ya maskini, jirani yake amefanya kinyume chake: mirror image vilevile. Msemo ni ule ule, unabeba usawa kamili na upinzani kamili, na hakuna aliyeutumia vibaya.

Chanzo cha utata huu ni kioo chenyewe. Kioo hutunza karibu kila kitu, umbo, rangi, vipimo, umbali kati ya jicho na jicho, kisha kinageuza jambo moja tu. Anayeangalia yale yaliyotunzwa atautumia msemo kwa maana ya kufanana. Anayeangalia lile lililogeuzwa atautumia kwa maana ya kinyume. Ndiyo maana kila unapokutana nao inafaa uulize: hapa kimegeuzwa nini? Na ajabu ni kwamba hata kwa kioo cha kawaida cha ukutani, jibu linalotolewa na wengi si sahihi.

Kioo hakina habari na kushoto wala kulia

Muulize mtu yeyote kioo hufanya nini, atakwambia kinageuza kushoto kuwa kulia. Muulize tena: mbona basi hakigeuzi juu kuwa chini? Hapo ndipo wengi hukwama. Kioo ni bapa la gilasi lililopakwa fedha au alumini kwa nyuma. Hakina namna ya kujua upande upi ni wa kichwa na upi ni wa miguu. Kizungushe robo mzunguko hapo hapo ukutani, sura yako haitikisiki hata kidogo. Sasa kifaa kisichojua wima wala ulalo kinawezaje kuchagua kugeuza ulalo peke yake?

Hakichagui. Simama mbele ya kioo ukielekea kaskazini, kisha nyosha kidole juu. Kidole cha kwenye kioo nacho kinaelekea juu. Nyosha mkono mashariki. Na yule wa ndani ananyosha mashariki, sambamba na wewe. Hadi hapo hakuna kilichogeuka. Sasa nyosha kidole mbele, kwenye kioo, kaskazini. Yule wa ndani anakunyoshea wewe, kusini. Huo ndio mgeuzo wote. Kioo hugeuza mbele kuwa nyuma, yaani ule mwelekeo mmoja unaoingia na kutoka kwenye uso wake, na kingine chochote hakiguswi.

Kushoto na kulia tunakuleta sisi. Tukiona mtu ametutazama, akili hudhani amefika pale kwa njia ambayo watu wote hutumia: amezunguka, akageuka, akasimama uso kwa uso nasi. Mtu aliyegeuka hivyo mkono wake wa kulia huwa upande wa kushoto kwetu. Tunamtarajia huyo, lakini kiooni hatumkuti, maana saa iliyo kwenye mkono wetu wa kushoto inaonekana upande ule ule wa kushoto. Tunahitimisha kwamba kioo kimebadilisha mikono. Laiti viumbe wangekuwa na desturi ya kugeukiana kwa kupinduka kichwa chini, wangeapa kwamba kioo hubadilisha kichwa na miguu, na wangeshangaa kwa nini kushoto na kulia havikuguswa.

Kuna jaribio ambalo humaliza ubishi haraka kuliko maelezo. Chukua karatasi ya plastiki inayopitisha mwanga na uandike neno lolote kwa kalamu ya wino mzito. Ishike mbele yako namna unavyoisoma, huku umekitazama kioo. Kwenye plastiki unasoma vizuri. Kwenye kioo, nyuma yake, unasoma vizuri vilevile. Herufi hazijapinduka. Sasa andika neno hilo hilo kwenye karatasi ya kawaida. Ili kioo kiione, inakubidi uigeuze karatasi ikiangalie kioo, na hapo ndipo herufi zinapotokea kinyumenyume. Aliyezigeuza ni mkono wako. Ukiigeuza karatasi kama ukurasa wa kitabu, kushoto na kulia vinabadilishana. Ukiigeuza kwa kuipindua kutoka juu kwenda chini, kiooni maandishi yatasimama kwa kichwa, na hutamlaumu tena kioo kwa ubaguzi.

Wanaochora maandishi kwenye magari ya wagonjwa wanalijua hili kwa vitendo. Katika nchi nyingi neno la mbele ya gari huandikwa kinyumenyume makusudi, ili dereva aliye mbele akitupa jicho kwenye kioo chake cha ndani alisome moja kwa moja.

Herufi zenyewe nazo zinafaa kuchezewa kidogo, kwa sababu zinaonyesha kwamba vitu vingine havina taswira ya kioo iliyo tofauti navyo. A, H, I, M, O, T, U, V, W, X na Y ukizigawa katikati kwa wima, nusu mbili zinalingana. Neno AMA kwa herufi kubwa, ukilikabilisha na kioo cha ukutani, linabaki AMA. Kundi jingine hulingana kwa ulalo: B, C, D, E, H, I, K, O, X. Andika neno KIOO kwa herufi kubwa, kisha simamisha kioo kwenye karatasi juu kidogo ya neno. Linasomeka KIOO. Andika MAMA pembeni yake, na kiooni MAMA amesimama kwa kichwa. Mtu asiyejua siri anaweza kushawishiwa kwamba kioo kinachagua maneno ya kupindua, na nimeshuhudia mtu mzima akikigeuza kioo kutafuta mtambo nyuma yake.

Migeuzo miwili hufutana

Kanuni inayofuata ni fupi ila ina manufaa makubwa. Mgeuzo mmoja huzaa taswira ya kioo. Mgeuzo wa pili huirudisha ilivyokuwa. Wa tatu huigeuza tena. Idadi witiri hugeuza, idadi shufwa hurudisha. Ukiunganisha vioo viwili vikakutana kwa pembe ya nyuzi 90 na kujitazama kwenye kona yao, utamwona mtu ambaye ukiinua mkono wa kulia naye anainua wake wa kulia, ule utakaokuwa upande wa kushoto kwako. Hivyo ndivyo wengine wanavyokuona kila siku. Wengi hawaipendi picha hiyo.

Kanuni hiyo hiyo ilimpa jambazi mmoja wa Marekani sifa asiyostahili. Billy the Kid, aliyeuawa New Mexico mwaka 1881, ameacha picha moja mashuhuri iliyopigwa kwenye bamba la chuma. Ndani yake amesimama, bunduki ndefu mkononi, na bastola inaning'inia kiunoni upande wa kushoto. Kwa miongo mingi ilichukuliwa kwamba alikuwa mtumia mkono wa kushoto, na Hollywood ikatengeneza filamu mwaka 1958 iliyoibeba dhana hiyo hadi kwenye jina lake. Kilichofumbua fumbo ni ile bunduki. Ni Winchester ya modeli ya 1873, ambayo kijidirisha chake cha kuingizia risasi kipo upande wa kulia tu. Kwenye bamba kinaonekana kushoto. Kumbe picha yote ni taswira ya kioo: katika ufundi ule mwanga ulitua moja kwa moja kwenye bamba, na bamba hilo hilo ndilo lililokuwa picha anayokabidhiwa mteja. Hakukuwa na hatua ya pili ya kusafisha picha kutoka kwenye negativu, ambayo ingeugeuza mgeuzo na kuurudisha. Bastola ilikuwa kulia.

Simu za leo zimelirudisha jambo hili mifukoni mwetu. Kamera ya mbele hukuonyesha kama kioo wakati unajiandaa, halafu simu nyingi huigeuza picha inapohifadhiwa, na ghafla pua imehamia upande mwingine na njia ya nywele haiko ulipoiacha. Uso wako haujaharibika. Umezoea toleo moja, kamera imekupa jingine. Mwaka 1977 watafiti watatu wa Marekani waliwaonyesha wanafunzi wa kike wa chuo kikuu picha mbili za sura zao wenyewe, moja ya kweli na nyingine iliyogeuzwa. Wenyewe walielekea kuipenda iliyogeuzwa. Marafiki zao walielekea kuipenda ile ya kweli. Kila upande ulichagua uso ulioujua.

Mikono miwili isiyoingia glavu moja

Hadi hapa mtu anaweza kusema hii ni michezo ya macho tu. Si hivyo, na aliyeliona mapema ni mwanafalsafa Mjerumani Immanuel Kant. Mwaka 1768 aliandika kuhusu mkono wa kulia na wa kushoto. Ukiuelezea mkono mmoja kwa vipimo, urefu wa kila kidole, upana wa kiganja, pembe kati ya kidole na kidole, maelezo hayo hayo yanautosha na wa pili bila kubadilisha nukta. Hata hivyo huwezi kuuweka mmoja mahali pa mwingine, na glavu ya kulia haiingii mkono wa kushoto hata uizungushe vipi. Vina kila kitu sawa na bado si kitu kimoja. Nadhani hakuna maelezo bora ya msemo huu kuliko hayo: sawa kwa kila kipimo, lakini havibadilishani nafasi.

Je, kuna namna yoyote ya kuugeuza mkono wa kulia uwe wa kushoto? Herufi ya bapa ni rahisi. Kata herufi b kutoka kwenye karatasi. Ukiisogeza na kuizungusha mezani haitakuwa d kamwe, ila ukiinyanyua kutoka mezani na kuipindua, imekuwa d. Imehitaji mwelekeo wa ziada ambao uso wa meza hauna. Mwanahisabati August Möbius alionyesha mwaka 1827 kwamba vitu vyenye pande tatu navyo vingehitaji mwelekeo wa nne ili vipinduliwe hivyo. Kwa kuwa mwelekeo huo hatuna pa kuupata, mkono wa kulia utabaki wa kulia.

Maumbile yanaitilia maanani tofauti hiyo kwa ukali wa kushangaza. Mwaka 1848 kijana wa miaka 25 jijini Paris, Louis Pasteur, alikuwa anachunguza chumvi ya asidi iliyotokana na utengenezaji wa mvinyo. Kulikuwa na aina mbili zilizoonekana sawa kwa kila jaribio la kemia, isipokuwa moja ilizungusha mwanga ulionyooshwa utetemeke kwenye mstari mmoja, na nyingine haikuuzungusha hata kidogo. Pasteur aliziangalia fuwele za ile ya pili kwa makini na kuona ni mchanganyiko: nyingine zina kijiuso kidogo kilichoinamia kulia, nyingine kimeinamia kushoto. Akazichambua moja moja kwa kibanio. Fungu moja likiyeyushwa majini lilizungusha mwanga upande mmoja, fungu la pili upande mwingine, kwa kiasi kile kile. Zikichanganywa zilifutana. Mkongwe wa fani hiyo, Jean-Baptiste Biot, hakuamini mpaka jaribio liliporudiwa mbele ya macho yake.

Alichokigundua ni kwamba molekuli nazo zina mkono. Atomi zile zile, zimeunganishwa kwa mpangilio ule ule, lakini moja ni taswira ya kioo ya nyingine na hazikaliani. Mwili unazitofautisha. Protini za viumbe vyote vinavyojulikana zimejengwa karibu zote kwa asidi amino za mkono wa kushoto, na sukari iliyomo kwenye DNA ni ya mkono wa kulia. Hata pua inajua. Kuna kemikali iitwayo karvoni: toleo lake moja linanukia mnanaa, pacha wake wa kiooni ananukia kisibiti.

Mfano unaotajwa kuliko yote ni wa dawa ya thalidomide, na kwa bahati mbaya kwa kawaida husimuliwa nusu. Iliuzwa kuanzia mwaka 1957 huko Ujerumani Magharibi, ikaenea nchi nyingi, ikanywewa na wajawazito kutuliza kichefuchefu. Hadi ilipoondolewa sokoni mwishoni mwa 1961 na miaka iliyofuatia, watoto zaidi ya 10,000 walikuwa wamezaliwa na kasoro, wengi wakiwa na mikono au miguu mifupi isiyokamilika. Dawa ilikuwa mchanganyiko wa molekuli za mikono yote miwili. Simulizi la kawaida husema mkono mmoja ulituliza, mwingine ukadhuru, na kwamba kiwanda kingeuza ule mwema peke yake balaa lisingetokea. Sehemu ya kwanza inaungwa mkono na utafiti mwingi. Ya pili haishiki, kwa sababu ndani ya mwili molekuli hii hujigeuza yenyewe kutoka mkono mmoja kwenda mwingine. Ungemeza ule salama tu, baada ya saa chache damu ingekuwa na yote miwili.

Mjadala mpya kabisa unatoka hapo hapo. Wanakemia wamekwisha kujenga maabara protini ndogo za kiooni, na zamani ilionekana kama ndoto nzuri siku moja kujenga bakteria mzima wa namna hiyo. Desemba 2024 wanasayansi 38 walichapisha onyo kwenye jarida la Science wakishauri kazi hiyo isifanywe. Hoja yao ni nyepesi kueleweka: kinga za mwili hutambua maadui kwa umbo, na bakteria wa kiooni anaweza kupita mbele ya kinga hizo bila kutambuliwa. Mashine za kumjenga hazipo bado, kwa hiyo si jambo la kesho asubuhi.

Je, ulimwengu mzima ukigeuzwa kama kiooni, sheria zake zingefanya kazi vilevile? Wanafizikia waliamini hivyo hadi Chien-Shiung Wu na wenzake walipopoza atomi za kobalti-60 karibu na baridi ya mwisho iwezekanayo na kuzipanga kwa sumaku. Matokeo yalitangazwa Januari 1957: elektroni zilizokuwa zikitoka zilipendelea upande mmoja. Ulimwengu wa kiooni ungeonyesha kinyume, na ulimwengu huo haupo. Tsung-Dao Lee na Chen-Ning Yang, waliotoa wazo, walipewa Tuzo ya Nobeli mwaka huo huo. Wu, aliyelithibitisha, aliachwa.

Msemo ukitoka maabara

Nje ya sayansi msemo huu umetapakaa kila fani, na kila fani imeushika kwa upande wake.

Wanasheria wa mikataba wameuchukua kwa maana ya usawa mtupu. Kanuni yao ya taswira ya kioo inasema ukubali lazima ulingane na pendekezo kwa kila kitu: bei, kiasi, tarehe. Ukibadilisha chochote hujakubali. Umetoa pendekezo jipya, na lile la kwanza limekufa. Kesi inayofundishwa ni ya Uingereza ya mwaka 1840, Hyde v Wrench. Wrench alitaka kuuza shamba kwa pauni 1,000. Hyde akatoa 950. Wrench akakataa. Hyde akaandika upesi kwamba basi, 1,000 ni sawa. Mahakama ikamwambia amechelewa: alipotaja 950 alilizika pendekezo la 1,000, na hakuwa na uwezo wa kulifufua peke yake. Ukiangalia kwa jicho la mwanajiometri, jina la kanuni hii lina kasoro, maana hakuna chochote kinachogeuzwa ila nani anasema. Labda hicho kinatosha: muuzaji anasema nauza, mnunuzi anasema nanunua, yaliyobaki hayaguswi. Sheria za baadaye zimeilegeza kidogo. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mauzo ya bidhaa ya kimataifa, uliopitishwa Vienna mwaka 1980, katika ibara ya 19 unavumilia mabadiliko madogo yasiyogusa kiini, isipokuwa mtoa pendekezo apinge bila kuchelewa.

Wasia wa mume na mke ndio unaoitendea haki picha yenyewe. Mume anaandika mali iende kwa mke, na mke akitangulia iende kwa watoto. Mke anaandika maneno hayo hayo, majina yamebadilishana nafasi. Ziweke hati mbili ubavu kwa ubavu na utaona mgeuzo mmoja tu.

Kwenye kompyuta hakuna cha kueleza sana. Mtu akisema tovuti fulani ina kioo chake kwenye seva nyingine, anamaanisha nakala iliyo sawa kabisa. Hakuna kushoto wala kulia.

Pazito zaidi ni siasa na saikolojia. Mwaka 1960 mwanasaikolojia Urie Bronfenbrenner, Mmarekani aliyezaliwa Moscow na aliyekimudu Kirusi, alizuru Umoja wa Kisovieti na kuongea na watu wa kawaida bila mkalimani. Alichosikia kilimtia wasiwasi. Walisema Wamarekani ndio wachokozi. Kwamba serikali yao inawanyonya na kuwadanganya wananchi. Kwamba raia wenyewe hawaiungi mkono kwa dhati. Kwamba haiwezi kuaminiwa. Ni maneno yale yale aliyokuwa akiyasikia nyumbani kuhusu Wasovieti. Mwaka uliofuata alichapisha makala akiuita mtazamo huo taswira ya kioo, na jina hilo limebaki kwenye vitabu vya saikolojia ya jamii. Hapa msemo umekaa sawasawa kabisa, kwa pande zote mbili kwa pamoja. Tuhuma ni zile zile, hakuna iliyopungua wala kuongezeka. Kilichogeuzwa ni mwelekeo wa kidole, kama ule mkono ulionyooshwa kaskazini ukakunyoshea kusini.

Majasusi wanatumia maneno karibu yale yale kwa kosa tofauti, na hapa wasomaji wengi huchanganyikiwa. Kwao kumwona adui kiooni ni kudhani anafikiri kama wewe: ninachokiona cha hatari mno yeye naye hatakithubutu. Tarehe 19 Septemba 1962 tathmini rasmi ya vyombo vya ujasusi vya Marekani ilihitimisha kwamba haikuwa na uwezekano mkubwa Wasovieti kuweka makombora ya nyuklia Cuba, kwa kuwa hatua hiyo haikulingana na tabia yao na hatari yake ilikuwa kubwa mno. Tarehe 14 Oktoba ndege ya U-2 ikayapiga picha. Wachambuzi walikuwa wamepima hatari kwa mizani yao na kumwekea mkononi Khrushchev, kiongozi wa Wasovieti. Kwa Bronfenbrenner tatizo lilikuwa kumwona mwenzako kinyume chako kabisa. Kwa majasusi tatizo ni kumwona kama wewe mtupu. Msemo mmoja, magonjwa mawili yasiyotibiwa kwa dawa moja.

Kwa hiyo mfasiri anayeuleta msemo huu kwenye Kiswahili asikimbilie "taswira ya kioo" kila mara. Kwa binti na mama yake, wanafanana kama shilingi kwa ya pili, au amemtoka mama yake, maana hakuna anayekusudia kusema pua imehama upande. Kwa sera mbili za kodi, kinyume chake, basi. Kwa mkataba, ukubali unaolingana neno kwa neno. "Taswira ya kioo" libaki pale ambapo yote mawili yapo, kitu kile kile na mgeuzo wake: mikono, molekuli, wasia wa wanandoa, bamba la Billy the Kid. Na tukumbuke kwamba Kiswahili tayari kinatumia kioo kwa kazi nyingine: tukisema fasihi ni kioo cha jamii, hatumaanishi mgeuzo wala nakala. Tunamaanisha mahali pa kujitazama. Mwandishi wa gazeti anayeandika kwamba chama kipya ni "kioo cha" chama tawala akitafsiri mirror image amewaachia wasomaji wake maana tatu za kuchagua, na pengine yeye mwenyewe alikusudia moja tu.